Chupa Iliyochunwa Karatasi

Kwa miezi mitatu mume wa Mama alikuwa akiisimulia Scotland kwa sinki letu la Hayes, London. Anaosha vyombo, macho kwenye karatasi alizozibandika juu ya bomba, na Kiingereza anakitamka kwa sauti ya mtu anayesoma hotuba ya Ijumaa: upande wenu wa kushoto, mabibi na mabwana, mtaiona ngome iliyojengwa juu ya mwamba. Upande wetu wa kushoto kulikuwa na friji.

"Ami," nilimwambia siku moja kutoka mezani, ambako nilijifanya nasoma, "watalii wanauliza, kwenye ngome kuna maziwa yaliyobaki?"

"Yapo," akasema bila kugeuka. "Lakini wanapewa waliomaliza kazi zao za skuli."

Hilo ndilo lililokuwa likinikera kwake. Ukimrushia jiwe analidaka, analifuta vumbi, anakurudishia mkononi.

Nilikuwa na miaka kumi na tano. Alikuwa amemuoa Mama miaka miwili nyuma. Mbele yake nilimwita Ami, kama unavyomwita mwanamme yeyote wa kwetu mwenye mvi na adabu. Nyuma yake nilimwita Mume wa Mama, kama cheo cha serikali. Alikuwa dereva wa basi la mjini, anaamka saa tisa za usiku kwenda kutukanwa na walevi, anarudi mchana akinuka moshi wa dizeli na kuuliza kama kuna mtu amekula. Sikuwa na kosa lake hata moja la kuandika mahali. Hilo nalo lilinikera.

Kosa lilikuja lenyewe. Mtu wa msikitini alimwambia kuna mzee mmoja kule Scotland mwenye vibasi vitatu vya kuzungusha watalii, siku nzima, pwani na mashamba, na anatafuta dereva anayejua kuendesha na kusema kwa wakati mmoja. Juu ya gereji kuna nyumba, vyumba vitatu na bustani, anapewa dereva. Wakaandikiana. Mzee akajibu kwa barua ya mkono: njoo Jumamosi fulani, njoo na familia yako, uwaendeshe wao kama watalii njia nzima, mimi nitakaa nikuangalie.

Mama hakusema ndiyo na hakusema hapana. Alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na alisema wazee wapo kila mahali, kazi ataipata. "Lakini mimi sihamii karatasi," alimwambia mumewe. "Nitaiona kwanza. Tukirudi nyumbani nitakupa jibu langu."

Kwa hiyo mambo yalikuwa mawili: mzee amkubali dereva, na Mama aikubali nchi. Likikosekana moja, tunabaki Hayes. Nilihitaji moja tu likosekane.

Sababu niliyomwambia kila mtu ilikuwa marafiki na mitihani. Sababu yenyewe ilikuwa Jumamosi. Baba yangu, yule wa kwanza, alikuwa anakaa Croydon, karibu na lile jengo la uhamiaji ambalo watu wetu wakilitaja wanashusha sauti hata kama wana pasi nyekundu za Uingereza. Kila Jumamosi alikuja kunichukua stesheni ya Hayes tukale kuku na chipsi. Treni mbili na basi moja, na mara nyingine visingizio vitatu. Lakini alikuwa akija. Kutoka Scotland hakuna treni mbili zinazofika Croydon. Na hiyo safari yenyewe ilikuwa Jumamosi, kwa hiyo wizi ulikuwa umeshaanza.

Tulikwenda kwa treni siku ya Ijumaa, tukalala kwenye nyumba ya wageni iliyonuka mbwa, na asubuhi Mama akapanga vitu vya safari kitandani: katlesi za viazi na nyama alizokaanga Hayes, chupa ya chai ya maziwa, na chupa mbili za plastiki za maji.

Hizo chupa mbili nizieleze, maana ndiyo habari yenyewe. Watu wa kwetu hawatoki nyumbani bila maji ya chooni. Huko Unguja kuna kopo kila choo. Uingereza kuna karatasi na kujikaza. Kwa hiyo kila gari la Mzanzibari London lina chupa, na kila nyumba ina namna ya kuitambua. Kwetu sisi sheria ilikuwa moja: chupa yenye karatasi yake ya dukani ni ya kunywa, iliyochunwa karatasi ni ya chooni. Hakuna aliyetufundisha. Mdogo wangu wa miaka saba, anayeelewa Kiswahili chote na kukijibu Kiingereza chote, aliijua sheria hiyo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Zote mbili Mama alizijaza kwenye bomba moja asubuhi ile. Nikazibeba mimi, kwa sababu mimi ndiye mkubwa na kwa sababu nilinuna.

Mzee alikuwa mrefu, pua nyekundu, kofia ya sufu, daftari dogo mfukoni. Alitupa mkono sote, hata mdogo wangu. Mama akaweka wake kifuani na kuinama kidogo. Mzee akauvuta wake pole pole, hakuudhika. Akakaa kiti cha mbele kando ya dereva, akafungua daftari, akamwambia Ami asahau kwamba yupo.

Tukatoka mjini.

Nitasema ukweli kuhusu Scotland kisha mnisamehe. Upande wa kushoto bahari, rangi ya maji yaliyooshewa masufuria. Upande wa kulia kondoo. Mbele mvua, nyuma mvua tuliyoipita. Kila baada ya dakika kumi nyumba ya mawe iliyosimama peke yake kama imegombana na wenzake. Ngome ya karatasi za jikoni ikatokea kweli, juu ya mwamba wake, haina paa wala madirisha, na Ami akaisimulia bila kukosea neno: nani aliijenga, nani aliichoma, nani aliijenga tena kwa ukaidi.

"Kwa hiyo tumetoka London kuja kuangalia nyumba iliyobomoka," nikamwambia Mama. "Unguja si zipo bure?"

"Kimya. Wewe ni mtalii."

"Mtalii analalamika. Namsaidia afanye mazoezi."

Nikanyanyua mkono. Nikamuuliza Ami, kwa Kiingereza changu kizuri kabisa cha skuli, aliyeichoma ngome alichoma saa ngapi. Nikamuuliza kondoo wa kushoto na kondoo wa kulia kama wana undugu. Nikamuuliza choo cha mfalme kilikuwa chumba gani. Nilitaka akasirike mbele ya lile daftari. Ami akajibu yote, la choo akalijibu kwa urefu, na kilikuwa na tundu linalomwagia baharini, na mzee akacheka mpaka mabega yakatikisika, akaandika. Nikaona nimemfanyia mume wa Mama kazi yake.

Kisha tukapita makaburi ya kanisa, mawe ya kijivu yameinama kila upande. Ami alikuwa katikati ya habari za uvuvi. Akakata maneno, akashusha sauti, akawasalimia wafu kwa Kiarabu kama anavyofanya kila tunapopita makaburi, hata yale ya njia ya uwanja wa ndege, kisha akarudi kwenye samaki wake.

"Umesema nini hapo?" mzee akamuuliza.

"Nimewasalimia waliolala."

Mzee akatazama nyuma makaburi yakiondoka. "Miaka yote napita hapa," akasema, "sijawahi." Akaandika tena, na safari hii aliandika kirefu.

Nikaanza kuogopa.

Tukasimama ufukweni. Mvua ilikuwa imechoka, jua likatoka upande mmoja tu, kama mtu anayechungulia mlango, na ile bahari ya masufuria ikageuka kijani kibichi mpaka chini, ukiona mchanga ndani yake. Kwenye miamba kulikuwa na sili, wanyama wa baharini wenye masharubu, wanene, wamelala ubavu, wanatutazama bila heshima. Nilisema ovyo kuhusu sili mmoja na mwalimu wetu mkuu, lakini nilisema polepole, kwa sababu nilikuwa nikitazama.

Mama alivua viatu. Mama yangu, anayevaa soksi mbili kitandani Hayes, alishika baibui lake juu kidogo ya vifundo akaingia majini, akapiga ukelele, akacheka. Si kile kicheko chake cha simu. Akacheka mpaka akakaa chini, kwenye mchanga uliolowa.

"Bwana," akamwita mumewe, "njoo uone maji ya kugandishia samaki."

Ami akaenda na viatu vyake vya kazi, vikalowa. Wakasimama pale. Upepo ukaniletea maneno ya Mama, yote, kama nimeandikiwa mimi: "Hapa mtu anapumua."

Ndilo jibu hilo, nikajua. Hakusubiri kufika nyumbani. Mzee ameshaandika, Mama ameshapumua, na Jumamosi zangu zimekwisha pale, kwenye mchanga, sili wakishuhudia.

Tukala katlesi ndani ya kibasi, mzee naye akapewa mbili na akaomba ya tatu. Tukaingia bara, vilima vya zambarau, barabara nyembamba, Ami anapinda kona kwa mikono miwili kama anabeba mtoto. Hapo mzee akatoa kidonge mfukoni, akageuka nyuma, akasema hiki lazima baada ya chakula, je, tuna maji?

Chupa zote mbili zilikuwa miguuni kwangu. Yenye karatasi ilikuwa mkono wa kulia, imejaa. Niliigusa. Kuna watu watasema nilichanganyikiwa, na nilipoulizwa baadaye nilisema hivyo hivyo, lakini hapa naandika mwenyewe: niliigusa ya kulia, nikaiacha, nikachukua ya kushoto. Iliyochunwa. Tulikuwa tumeshaingia nayo vyoo viwili. Nikaifungua kifuniko kwa adabu, nikampa kwa mikono miwili.

Mzee akameza kidonge, akanywa mafundo marefu, shingo inapanda na kushuka.

"Umempa ipi?" Mama akauliza kwa Kiswahili, sauti ya mtu anayeuliza saa.

"Iliyokuwa karibu."

"Ipi iliyokuwa karibu?"

"Mama, muache mgonjwa anywe dawa yake."

Mdogo wangu akaiona. Macho yakamtoka, akafungua mdomo, na kila kinachotoka mdomo ule ni Kiingereza ambacho mzee angekisikia mpaka herufi ya mwisho. Alifika neno la pili. Mama akamtia katlesi nzima mdomoni na kiganja juu yake.

Mbele, Ami alikuwa akisema: upande wenu wa kulia, mabibi na mabwana. Akanyamaza. Macho yake yalikuwa kwenye kioo, yanatazama chupa, kisha yananitazama mimi. Upande wetu wa kulia ziwa likapita zima zima, na kisiwa chake na miti yake, bila mtu wa kulisimulia.

"Ziwa," mzee akamnong'oneza, akidhani amesahau.

"Ziwa," Ami akasema.

Mzee akanirudishia chupa. "Asante, binti. Maji mazuri."

Nilitegemea kucheka. Nilikuwa nimeshajipangia nitakavyowasimulia skuli, na sauti ya kumeza nitakayoifanya. Niliificha sura yangu kwenye mtandio nikangoja kicheko kije. Kilikuja kidogo, cha puani, kikaishia hapo.

Ami aliendesha saa moja na nusu iliyobaki kama saa ya ukutani. Hakuruka ngome hata moja. Tulipoingia uwani mwa gereji akazima injini, na mzee akatoa funguo mfukoni, zimefungwa kwa uzi, akasema kabla ya kuzungumza habari za kazi, twendeni kwanza juu muione nyumba. Kutoka kiti changu niliona pazia za dirishani, za maua. Mama alikuwa ameshasimama.

"Kabla ya hapo," Ami akasema, "kuna jambo inabidi ulijue."

"Bwana," Mama akasema kwa Kiswahili. "Bwana, usifanye hivyo."

"Maji uliyokunywa," Ami akamwambia mzee kwa kile Kiingereza chake cha sinki, taratibu, kila neno limenyooshwa, "yalikuwa ya bomba, safi. Lakini ile chupa si ya kunywea. Ni chupa tunayokwenda nayo chooni. Kujisafisha. Zilichanganyika. Kosa ni langu, mimi ndiye dereva."

Mzee akatazama chupa iliyokuwa mapajani kwangu. Akanitazama mimi, kwa muda, na nikajua kwamba alijua zilivyochanganyika.

"Kusafisha mikono?" akauliza.

"Hapana," Ami akasema. "Si mikono."

Mzee akafunga daftari, akalirudisha mfukoni, na funguo akazirudisha mfuko mwingine. Akasema umefanya vyema kuniambia. Akasema tumechoka, nyumba tutaiona wakati mwingine, atatuandikia. Asubuhi alitupa mkono sote. Jioni ile mikono yote miwili aliiweka ndani ya koti, akainamisha kofia, akaenda zake.

Katika treni ya kurudi Mama alikaa akitazama dirisha.

"Wewe na ulimi wako," akamwambia mumewe, "na wewe na mkono wako," akaniambia mimi. "Sijui nani kati yenu amenikosesha nyumba ile."

"Nisingeweza kulala kwenye nyumba yake," Ami akasema.

"Basi lala Hayes."

"Mama, nilichanganya," nikasema.

Akageuka kwangu. Hakunipiga, hakupandisha sauti. "Wewe unajua kutofautisha chupa zile gizani," akasema. "Jibu langu lilikuwa ndiyo. Nilitaka ulijue."

Hata Ami hakunigombeza. Nilingoja mpaka tunafika London. Nilikuwa na majibu sita tayari, mazuri, na nikashuka nayo yote.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili, ya mkono ule ule: shukrani nyingi, udereva wake hauna dosari, lakini amempata mtu wa huko huko. Ami akaisoma akiwa amesimama, akaikunja, akazibandua karatasi za juu ya bomba moja moja, taratibu, ili rangi ya ukuta isitoke. Ikatoka hata hivyo. Mpaka leo kuna madoa manne meupe.

Nilikuwa nimeshinda. Jumamosi ile Baba alikuja, amechelewa dakika arubaini na tano tu, na nikamsimulia kisa chote juu ya kuku na chipsi. Nilikisimulia vizuri kuliko nilivyowahi kusimulia kitu chochote. Shingo ya mzee, katlesi ya mdogo wangu, "si mikono." Baba alicheka akajifuta machozi na karatasi ya mafuta, watu wa meza ya pili wakageuka.

"Maskini jamaa wa watu," akasema. "Kwa hiyo hamwendi tena?"

Nikaacha kula. "Nani alikwambia tulikuwa tunakwenda?" Kwa sababu nilikuwa nimeianza hadithi kama matembezi ya siku moja. Habari ya kuhama niliiruka makusudi.

"Mama yako alinipigia simu, tangu miezi hiyo. Akaniuliza kama nina kizuizi, kwa sababu yako. Nikamwambia kizuizi gani, nendeni, huko hewa nzuri." Akachovya chipsi. "Na mimi hizi treni za Jumamosi zimenichosha, sikufichi. Wewe mwenyewe mkubwa sasa."

Nilisema kitu cha kuchekesha. Sikumbuki nini. Yeye akacheka, akatazama saa.

Niliporudi nyumbani Ami alikuwa jikoni anaosha vyombo, kimya, hana cha kusoma.

"Baba yako hajambo?"

"Hajambo."

"Amekula?"

"Amekula."

Akaitikia kwa kichwa. Ningeweza kumwambia pale pale kwamba maneno yake nimeyashika. Ngome naijua yote kwa moyo, na uvuvi, na ziwa na kisiwa chake, mpaka pale anapovuta pumzi; siku nyingine kwenye basi la skuli midomo yangu inaisema yenyewe, upande wenu wa kushoto, na upande wetu wa kushoto kuna maghala tu. Sikumwambia. Badala yake, kwa kuwa yeye na Mama walikuwa wanatoka kwenda kununua vitu vya wiki, nikachukua ile chupa iliyochunwa, nikaijaza bombani mpaka juu, nikaifunga, nikamfuata mpaka garini nikimnyooshea.

Akaipokea. Hakuiweka nyuma, mahali pake pa siku zote. Aliinama akaisukuma chini ya kiti cha dereva, kwa upande wake, akaupima mkono wangu kwa macho kama unafika kutoka kiti cha nyuma.

"Funga mlango nyuma yetu," akasema.

Ipo huko mpaka leo.